Ukikutana na "build up", usikimbilie kujenga

Kipeperushi kilikuwa cha karatasi ya kung'aa, na juu kabisa kilichorwa moyo mwekundu. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la zahanati nikisubiri namba yangu, na babu aliyekuwa pembeni yangu alikishika kwa mkono ulionyooka, mbali na uso, kama wafanyavyo watu waliosahau miwani nyumbani. Alisoma kwa sauti, neno kwa neno: "Ujenzi wa mafuta ndani ya mishipa ya damu unaweza kusababisha kiharusi." Akanyamaza kidogo, kisha akanigeukia.

"Mwanangu, hao mafundi wanaojenga humo ndani wamepitia wapi?"

"Babu, hata mimi sijui," nikamjibu, tukacheka wote wawili. Lakini swali lake lilikuwa la haki, na mimi ninayeishi kwa kazi ya kutafsiri nililijua jibu. Mwenzangu mmoja alikutana na "build-up of fat", akafungua kamusi kwenye "build", akakuta kujenga, akaondoka na ujenzi. Mafuta hayajengi wala hayajengwi. Mafuta huganda. Mwambie babu yule kwamba mafuta yakiganda kwenye mishipa damu hupita kwa shida, atakuelewa kabla hujamaliza, maana ameshaona mchuzi wa nyama uliolala usiku kucha sufuriani.

Nakuandikia wewe unayekutana na kitenzi hiki kila wiki: mwanafunzi, mfasiri, mhariri, mwandishi wa habari anayegeuza taarifa ya kigeni zikiwa zimebaki dakika ishirini kwenda hewani. Nitaanza na upande wa Kiswahili, kwa kuwa huko ndiko tunakoharibu zaidi. Kiingereza kitafuata.

Uliza kwanza ni kitu gani

Waingereza wana kitenzi kimoja kwa vumbi, madeni, hasira, magari barabarani, maji kwenye mapafu na misuli ya mnyanyua vyuma. Wanachokitazama ni mwendo: jambo linazidi kidogo kidogo mpaka linaonekana. Sisi hutazama kitu chenyewe na tabia yake. Ndiyo maana ukiuliza "build up ni nini kwa Kiswahili?" hupati jibu la maana. Uliza nini kimezidi, na kikizidi hufanya nini.

Maji hujaa, au hutuama. Muuguzi anapomweleza ndugu wa mgonjwa husema maji yamejaa kwenye mapafu, hasemi mkusanyiko wa majimaji umejengeka. Maji ya mvua yasiyo na pa kwenda hutuama, na mbu hawahitaji zaidi ya hapo. Hewa na moshi navyo hujaa. Ukiandika onyo kwa wanaolala na jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa, andika kwamba hewa yenye sumu ya kaboni monoksidi hujaa chumbani bila rangi wala harufu. Anayesoma onyo hilo atafungua dirisha. Anayesoma kuhusu "kujengeka kwa viwango vya gesi" atageuza ukurasa.

Vitu vinavyokaa juu ya vingine hurundikana: vyombo vichafu, mafaili, nguo za kufua. Takataka na magugu yakirundikwa pamoja lundo lake huitwa biwi, neno zuri ambalo wahariri wengi wa leo wamelisahau. Watu na magari hayarundikani, husongamana, na hapo Mkenya ataandika msongamano wa magari wakati Mtanzania atasema foleni na kuendelea na safari yake. Mahabusu husongamana gerezani, kesi zao hurundikana mahakamani. Ukibadilisha vitenzi hivyo viwili utakuwa umewapanga watu kama magunia.

Kuna kundi jingine ninalolipenda zaidi, la vitu vinavyoshika. Sufuria imeshika masizi, chuma kimeshika kutu, chungu kimeshika ukoko. Kitenzi ni kimoja tu, kushika, na kazi iliyobaki inafanywa na jina lenyewe. Masizi ni moshi uliokwisha jikusanya. Nongo ni jasho na vumbi vilivyokwisha jikusanya mwilini. Dawa za meno za Kiingereza huahidi kupambana na "plaque build-up", maneno mawili na kistari katikati, nasi tuna ukoga, silabi tatu zinazobeba uchafu na kujilimbikiza kwake kwa pamoja. Nimewahi kuona pakiti imeandikwa "mkusanyiko wa utando wa bakteria kwenye meno". Sentensi si ya uongo, lakini bibi yangu angedhani ni ugonjwa mpya.

Mawingu hutanda. Yakizidi, mvua imefunga, na aliyeanika mpunga au nguo hahitaji maelezo zaidi. Hapa kuna jambo la pembeni linalonifurahisha. Neno "accumulate" lina ndani yake neno la Kilatini cumulus, maana yake lundo, na ndilo neno ambalo Mwingereza Luke Howard alilichagua mwanzoni mwa karne ya 19 alipoyapa majina mawingu yale mazito yanayopandana kama pamba. Yeye aliona lundo angani, sisi tuliona kitu kinachotandazwa kama mkeka.

Yaliyomo moyoni yana vitenzi vyake. Hasira humpanda mtu, kinyongo humjaa, donge humkaa rohoni, na hofu, kama wingu, hutanda. "Tension is building up" kwenye habari za siasa si mvutano unaojengeka. Ni hali ya wasiwasi inayozidi kutanda, au mambo yanapamba moto, kutegemea kama unaandika kuhusu watu waliojifungia ndani au watu waliotoka barabarani. Na "the build-up to the election"? Usihangaike. Ni vuguvugu la uchaguzi.

Basi kujenga hakuna kazi?

Kuna kazi, tena kubwa. Kujenga hukaa mahali ambapo kuna mtu mwenye nia, anayeweka jiwe juu ya jiwe. Unajenga imani, unajenga hoja, unajenga mwili. Unajijengea jina, na jina hilo likiharibika hatulaumu mvua. Watangazaji wa mpira wanaposema timu inajenga mashambulizi kutoka nyuma wametafsiri "build-up play" sawasawa kabisa, kwa sababu beki anayempasia kiungo badala ya kubutua ana mpango kichwani.

Kipimo changu ni hicho: kama huwezi kumtaja anayejenga, tafuta kitenzi kingine. Kipimo hiki kina tundu moja. Tunasema vimelea vya malaria vimejenga usugu dhidi ya dawa, na kimelea hakina nia yoyote. Lakini matumizi hayo yamekwisha zoeleka hospitalini na redioni, na mimi sipigani na neno ambalo daktari na mgonjwa wanaelewana nalo.

Kulimbika

Sasa tufike kwenye neno ambalo lingestahili ukurasa wake peke yake. Fikiria kisima cha kuchimbwa kwenye mchanga wa mto uliokauka. Mama ameinama na kata mkononi. Amekwisha chota, chini kumebaki unyevu tu. Haondoki. Anakaa pembeni, anangoja, na maji yanachuruzika taratibu kutoka kwenye mchanga mpaka yatoshe kata nyingine. Huko ndiko kulimbika: kuacha kitu kijikusanye, na kungoja. Tunda linaachwa mtini likomae, nalo linalimbikwa. Ndani ya neno hilo kuna subira ambayo "build up" haina.

Ukiongeza kiambishi, mambo yanabadilika. Kulimbikiza tayari kuna mkono wa mtu anayeongeza, na kujilimbikizia kuna mkono wa mtu anayeongeza upande wake. "He built up a fortune" kwa Kiingereza inaweza kuwa sifa. Ukiandika kwamba amejilimbikizia mali, umekwisha mshtaki. Kama mwandishi wa Kiingereza anamsifu mtu huyo, andika kwamba alichuma mali, au alitajirika kwa jasho lake. Kama alitumia "amass" kwa kejeli, kujilimbikizia kunafaa. Watu wazima wa Tanzania wanalikumbuka jambo hili bila kamusi. Mwaka 1983, katika msako dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi wakati Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, tofauti kati ya kuweka akiba ya sukari na kulimbikiza sukari ilikuwa tofauti ya kulala nyumbani na kulala rumande. Kiingereza kinayo tofauti hiyohiyo: "stockpile" ni la serikali na maghala, "hoard" ni la mtu anayeficha. Mwandishi akisema "build up stocks" amekaa katikati, nawe kaa naye hapo: kuongeza akiba.

Kwa fedha ndogondogo za mtu wa kawaida tuna kudunduliza, yaani kuweka kidogo kidogo, shilingi juu ya shilingi, mpaka ada ya mtoto ikamilike. Sijui neno la Kiingereza linaloligusa sawasawa. "She built up her savings" likitokea kwenye habari ya mama anayeuza vitumbua, kudunduliza ndiko kunakostahili, na ukiandika "alijenga akiba yake" umemnyang'anya mama huyo nusu ya kazi yake.

Hata methali yetu maarufu ya haba na haba haina kitenzi cha kurundika. Inasema hujaza kibaba. Kibaba ni kipimo cha nafaka, chombo chenye ukingo, na mwenye macho anaona kimefikia wapi. Ukikwama, rudi kwenye wazo hilo: tafuta chombo. Kama kitu kina chombo, karibu kila mara kitenzi chako ni kujaa.

Mtego wa kurudi

Mtego uko pia kwa anayetoka Kiswahili kwenda Kiingereza, na huu huwanasa hata wazoefu. Mwalimu anayedai malimbikizo ya mshahara wake hadai "accumulations", anadai "arrears". Mlundikano wa kesi ni "backlog". Vile viporo vya kazi unavyoviacha Ijumaa mezani navyo ni "backlog", lakini mechi za viporo za Simba au Yanga ni "games in hand", na sijui Mwingereza angeelewa nini ukimwambia kwamba timu yako ina wali wa jana.

Upande wa Kiingereza

Kanuni ya kwanza ni ya umbo. Kitenzi huandikwa kwa maneno mawili, "build up". Jina huandikwa kwa kistari Uingereza, "build-up", na Marekani wengi huliunganisha, "buildup". Ukiona "built-up area" usiingize mrundikano wowote. Ni eneo lenye nyumba na watu, lile ambalo dereva wa Tanzania hatakiwi kuzidi kilomita 50 kwa saa.

Kanuni ya pili inahusu nafasi ya kiwakilishi. Unaweza kusema "build up your strength" au "build your strength up", zote ni sawa. Ukiweka kiwakilishi, lazima kiingie katikati: "build it up". "Build up it" ni kosa ambalo Mwingereza atalisikia hata akiwa usingizini, nasi hulifanya kwa sababu Kiswahili kinameza kiwakilishi ndani ya kitenzi na hatujazoea kukitafutia kiti. Kumbuka pia kwamba kitenzi hiki hukubali kusimama bila mtendwa: "dust builds up", "pressure builds up". Huhitaji kusema "is built up" kwa vumbi. Ukisema hivyo umemrudisha fundi yule wa babu.

Na visawe? Havifanani, pamoja na kwamba vitabu vya shule huvipanga kwenye mstari mmoja kama sare. "Accumulate" ni ndugu mwenye tai wa "build up": maana karibu ileile, lakini hukaa kwenye ripoti na vitabu vya sayansi. Ukimwandikia rafiki kwamba vyombo "have accumulated" jikoni, atadhani unamtania. Vyombo, kazi na bili "pile up", kwa sababu lundo lake unaliona, au angalau unalihisi shingoni. Jihadhari tu kwamba "a pile-up" ikiwa jina huwa ni ajali ya magari mengi yaliyogongana kwa mfululizo.

"Amass" hutaka mtu. Mtu "amasses" mali, ushahidi, vitabu. Vumbi halina uwezo huo. "Gather" hupenda vumbi, kasi na mawingu. Maji yanayotuama "collect". "Mount" huenda na shinikizo, gharama na wasiwasi, na mara nyingi utalikuta limevaa vazi la "mounting": "mounting pressure", shinikizo linalozidi. "Run up" ni la madeni, tena madeni ya uzembe, na "rack up" ni la pointi, ushindi na wakati mwingine faini. "Add up" lina sura mbili. Gharama ndogo "add up", yaani zikijumlishwa ni nyingi. Lakini "it doesn't add up" haina uhusiano wowote na kuongezeka: mtu anakwambia kwamba maelezo yako hayaingii akilini.

"Accrue" nimelitenga kwa sababu lina kazi maalumu. Asili yake ni Kilatini chenye maana ya kukua, na hutumika kwa kitu kinachoota chenyewe kwa kupita kwa muda: riba, siku za likizo, mafao. Chukua mkopo wa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, ambayo usipoilipa huingizwa kwenye deni. Mwezi wa kwanza unadaiwa 110,000, wa pili 121,000, wa tatu 133,100. Hukukopa tena hata senti. Riba imezaa riba. Kiingereza cha mkataba husema "interest accrues", na maneno hayo mawili yanatisha kidogo sana kuliko yanavyostahili. Ukitafsiri mkataba wa namna hiyo, wala usihangaike na "riba hujengeka" au "riba hukusanyika". Andika kwamba riba huendelea kuongezeka kila mwezi na yenyewe hutozwa riba. Watanzania wameipa mikopo ya namna hiyo jina la kausha damu, na ninaamini jina hilo limeokoa watu wengi kuliko aya zote za masharti.

Kisha kuna "build someone up". Kwa mgonjwa anayepona ni kumrudishia nguvu, kumlisha supu mpaka mwili urudi. Kwa mchezaji chipukizi ambaye magazeti yanamsifu kila asubuhi, ni kumpamba, na kama sifa zimezidi kimo chake, kumvimbisha kichwa. Muktadha ndio utakaoamua, na kwa kawaida sentensi inayofuata inakwambia kama wamemwangusha.

Limebaki moja ambalo bado linanisumbua. Wanaochemsha maji ya chumvichumvi, kama wakazi wengi wa Dodoma, wanaujua ule utando mweupe mgumu unaobaki ndani ya birika, ambao Waingereza huuita "limescale build-up". Mimi huandika "birika limeshika chumvi", na hadi leo hakuna msomaji aliyelalamika. Hata hivyo nina hakika kwamba mahali fulani kuna jikoni ambako kitu hicho kina jina lake, la silabi tatu kama ukoga. Kama ni kwenu, liandike.